Usukani wa Landrova ya Mzee Fidelis

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za gereji pale Msamvu, nikarudi nyumbani na mfuko mmoja wa vifaa. Vijana wa gereji waliniomba niwaandikie kidogo habari za kazi kabla sijaanza kusahau. Nadhani walitegemea injini. Injini mnazijua, tena siku hizi mnachomeka kidude, gari lenyewe linawasomea linaumwa wapi. Mimi nitaandika habari za usukani, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kuliko nyingine zote, na kwa sababu kuna Landrova moja kuukuu ambayo mpaka leo sijaweza kuisahau. Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini tutayaongea tukionana, na huko nitawadanganya kwa raha zangu.

Nilianza kazi kwenye gereji ya misheni, chini ya mlima, nikiwa nimemaliza shule juzijuzi. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja Morogoro na kazi ya reli, akaoa, akakaa. Fundi mkuu pale alikuwa Fidelis, Mluguru wa Mgeta, mfupi, mwenye viganja vipana na sauti ya chini. Wakati ule hakuwa mzee bado, lakini wote tulimwita Mzee. Nilimpa shikamoo yangu, akaitikia, akaniuliza jina. Ramadhani. Akaniuliza kabila. Niliposema Mnyamwezi aliweka spana chini polepole, akawageukia wenzake.

"Jamani, nimeomba fundi, wameniletea mtani."

Ndivyo tulivyoanza. Shikamoo ilikuwa lazima kila asubuhi, na akishaitikia marahaba tu vita vinaanza. Yeye aliniita mbeba mizigo, akidai kwamba babu zangu walipita hapa na pembe za tembo vichwani, wakachoka, wakaniangusha njiani pamoja na mzigo mwingine usio na faida. Mimi nilimwambia Waluguru wote wana mguu mmoja mfupi kwa kuzaliwa kwenye mteremko, ndiyo maana wakifika Dodoma kwenye tambarare wanazunguka mahali pamoja. Wateja wageni walidhani tutashikana mashati. Kumbe ilikuwa ndiyo njia yetu ya kuongea, na baadaye nilikuja kuona kwamba kuna maneno ambayo mdogo hawezi kumwambia mkubwa wake kwa njia nyingine yoyote.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa na spana. Alinikalisha ndani ya Landrova ya padri, magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa kwa jeki, akaniambia nifumbe macho nizungushe usukani kwa kidole kimoja, kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, halafu nimwambie ninahisi nini. Nikamwambia sihisi kitu. "Basi endelea," akasema, akaenda kunywa chai. Niliendelea asubuhi nzima. Wenzangu walipita wakicheka, na mimi nilishaanza kuwaza kurudi kwa baba nikaombe kazi ya reli. Karibu na adhuhuri, kidole kikafika katikati, pale ambapo magurudumu yanatazama mbele, nikahisi usukani umejikwaa kidogo sana, kama umekanyaga punje ya mchele. Nikamwita. Nikamweleza. Aliingiza mkono dirishani, akapitisha kidole chake mara moja, akatikisa kichwa kukubali, na kesho yake akanipa ovaroli.

Kwa ambao hamjafungua boksi ya usukani ya Landrova za zamani, ile punje ndiyo ugonjwa wenyewe. Ndani ya boksi kuna nguzo yenye mifereji, na ndani ya mifereji kuna gololi zinazobingirika. Gari likienda barabara iliyonyooka miaka na miaka, gololi hula sehemu moja ya katikati mpaka inalegea. Dereva anaona usukani una mchezo, anautikisa huku na huku na gari haligeuki. Ubavuni mwa boksi kuna skrubu ya kukazia na nati ya kuifunga. Kazi inaonekana ndogo, na hapo ndipo watu wengi walipoharibikiwa.

Mzee alikuwa na bisibisi ndefu, mpini wake wa mti umekuwa mweusi kwa grisi. Aliweka ncha kwenye boksi, mpini akaubana kwenye mfupa wa taya, halafu akaniambia nizungushe. Alikuwa akisikiliza gololi kwa mfupa. Nilipojaribu mwanzoni nilisikia meno yangu mwenyewe tu. Baada ya muda nikaanza kutofautisha gololi nzima na iliyolika, beringi kavu na yenye mafuta. Alikaza skrubu, akasikiliza, akakaza tena. Na kila mara, alipofika pale ambapo mimi ningefunga nati nikanawe mikono, alisema, "Legeza kidogo." Akairudisha nyuma kwa upana wa ukucha.

Sababu yake aliionyesha barabarani. Yeye alikaa kiti cha kushoto, mimi niliendesha. Tukimaliza kukata kona alisema, "Fungua viganja." Nikafungua. Usukani uliowekwa sawa ulirudi wenyewe taratibu mpaka gari likatazama mbele. Uliokazwa sana ulibaki umegeuka, na hapo uliukamata haraka kabla hujaingia mtaroni. "Gari la mlimani," alisema, "ni kona tupu. Usukani usiorudi wenyewe utakuua." Hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo hayo machache alikuwa anayarudia mpaka yanakuchosha.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mahindi wa Dumila ambaye hakuipenda habari ya kulegeza. Alitaka usukani usiokuwa na mchezo hata chembe. Mzee alipokataa, akaenda kwa rafiki yake akakaziwa mpaka mwisho. Alirudi kwetu kututambia, gari linanyooka kama mshale kwenye lami. Siku chache baadaye akaliingiza kwenye kichochoro cha soko, akakata kona, usukani ukabaki hukohuko, na Landrova ikatulia katikati ya matenga ya nyanya. Mtu hakuumia. Mama mwenye nyanya alimtukana hadi ukoo wake wa nne, halafu akamlazimisha anunue zote. Alipotuletea gari bado lilikuwa na mbegu kwenye taa za mbele. Mzee alinigeukia mimi akasema, "Mbeba mizigo, lete bisibisi."

Kitu kingine cha kuogopa kilikuwa ule mhimili wa kati, uliosimama ndani ya fremu, nyuma ya rejeta, unaopokea nguvu kutoka kwenye boksi na kuipeleka kwenye tairodi, zile fito zinazogeuza magurudumu. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa hasira ya kiwandani. Ukiufungua bila kuuvalisha gunia na kulifunga kamba, springi inaruka na kwenda zake. Moja ilitoboa bati la paa la gereji yetu, na tundu lile lilibaki miaka yote, mvua ikinyesha linadondosha maji juu ya meza ya kazi. Mzee alikataa lizibwe. Alisema linafundisha kuliko yeye.

Miaka ikaenda. Nilijitegemea, nikafungua gereji Msamvu. Misheni wakanunua magari mapya, na Mzee Fidelis alipostaafu wakampa ile Landrova ya padri, ileile nilimofumba macho siku yangu ya kwanza. Akaiweka kwake Bigwa chini ya kibanda cha mabati. Kila alipopata nafasi alipanda nayo Mgeta kwa dada yake, Katarina. Mnajua kwa Waluguru mtu ni wa kwa mama yake. Shamba la ukoo lilikuwa juu kabisa, mbali baada ya soko la Mgeta, na Bibi Katarina ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya mama yao. Walikuwa wawili tu tumbo moja. Mzee alirudi na kabeji, karoti na njegere, akanipitishia fungu langu gereji akisema ni chakula cha wapagazi.

Siku moja alikuja gereji uso umemchangamka. "Rama," akasema, na aliponiita Rama nilijua hana utani, "punje ya mchele imepotea. Boksi imejiponya." Nikacheka, nikadhani ananitega. Tukainua magurudumu. Akapitisha kidole chake, akanitazama kwa furaha. "Hakuna." Nikapitisha changu. Punje ilikuwa palepale, tena imekua. Nikarudia mara ya pili ili nipate muda wa kufikiri. Alikuwa ananitazama usoni, na nadhani aliyasoma yote humo. Akakiangalia kidole chake, akakisugua kwenye suruali, akakipitisha tena. Alikuwa na sukari miaka mingi, ila mpaka siku ile haikuwa imemgusa kazini. Aliomba maji ya kunywa, akakaa kwenye tairi, akakaa sana.

Baada ya hapo aliitoa ile boksi kwenye gari ili aitengeneze. Haikurudi. Vidole havikuweza tena kushika gololi, na mimi nikimwambia niifanye alisema ataimaliza mwenyewe wiki ijayo. Landrova ikakaa bila usukani, kuku wa Bigwa wakataga kwenye kiti cha dereva. Halafu miguu ikafa ganzi, halafu figo. Kila nilipokwenda kumwona nilimpa shikamoo na tusi moja la utani, naye alinirudishia, lakini matusi yake yalikuwa yanazidi kuwa mafupi.

Mwaka huu, kabla ya masika, Sesilia aliniita. Sesilia ni binti yake, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alinisimamisha nje, mlangoni, akaniambia hospitali wamesema mzee akae nyumbani, hakuna zaidi. Padri alikuwa ameshampaka mafuta. Nilipoingia nilimkuta ameegemea mto, mikono yake juu ya shuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mtani, nataka kwenda kwa mama."

Nikamwambia mama yake ameshamchoka, ndiyo maana alitangulia. Akatabasamu kidogo, akanyoosha mkono ninyamaze.

"Katarina magoti yamekwisha, hawezi kushuka. Mimi siwezi kupanda. Tukikaa hivi tutakufa kila mtu na upande wake. Nataka nimwone."

Sesilia alisema wameshafikiria. Gari la kukodi linafika sokoni tu, juu yake barabara imeliwa na mvua za mwaka jana, ni pikipiki zinazopita. Baba hawezi kushika pikipiki. Vijana wa ukoo walijitolea kumbeba kwa machela. Mzee aliposikia neno machela alifumba macho. "Machela nitabebwa nikifa," alisema. "Hai nitaingia kwa mama nimekaa. Landrova inapita kule. Irudishieni usukani."

Nilifunga gereji yangu, nikahamia Bigwa na vifaa. Boksi niliikuta kwenye rafu, imefungwa kwenye gunia, na ndani ya gunia gololi zake zote ziko kwenye kopo la maziwa, zimefunikwa na mafuta. Mifereji ya nguzo ilikuwa imelika, lakini Turiani kulikuwa na Landrova iliyokufa shambani kwenye miwa, ikiwa na boksi isiyotembea sana. Nikaenda nikaifungua. Ule mhimili wa kati ulikuwa umeshikana na fremu kwa kutu. Niliumwagia dizeli, nikauchoma kwa moto wa gesi, nikaugonga, nikaumwagia tena. Mkono wangu wa kulia ulivimba. Mzee aliomba atolewe nje akae kwenye kiti, blanketi miguuni, anitazame, na mhimili ulipoachia na kudondoka alipiga kofi moja kwenye paja lake ambalo hakulihisi.

Kila jioni nilimwambia tumefika wapi. Alikuwa anakonda mbele ya macho yetu, na mawingu yalishaanza kukaa juu ya mlima. Sesilia alinong'ona, "Kaka Rama, harakisha." Tukapanga kupanda Jumamosi. Padri wa Mgeta akampelekea habari Bibi Katarina, naye akajibu kwamba ameshamfungia jogoo ndani asije akauzwa.

Ijumaa mchana boksi ilikuwa mahali pake. Kilichobaki ni mkono wake, kile chuma kinachotoka kwenye boksi kwenda kusukuma fito za usukani. Mkono ule unakaa kwenye meno, na ni lazima kwanza uiweke boksi katikati: unazungusha kutoka mwisho hadi mwisho, unahesabu mizunguko, unarudi nusu. Ukikosea jino moja, usukani utageuka zaidi upande mmoja na kuishia njiani upande mwingine. Mzee akasema mkono huo anauvisha yeye.

Tukamsogeza na kiti chake mpaka kwenye bampa. Alihesabu mizunguko kwa sauti, mimi nikizungusha. Akaniambia nisimame. Akaupokea mkono kwa viganja vyote viwili, akautafutia meno kwa macho kwa kuwa vidole havikuwa na habari, akauvisha. Alitokwa jasho. Niliugonga, nikakaza nati yake kwa nguvu zangu zote kama alivyonifundisha. Sesilia alipiga vigelegele. Sijapata kumwona Mzee Fidelis akiwa na uso ule, hata siku aliyokabidhiwa Landrova.

Nikaingia ndani kujaribu. Kulia usukani ulifika mwisho vizuri. Kushoto uliishia njiani. Nikarudia. Jino moja.

Nilikaa pale nimeshika usukani. Kumwambia mzee anayekufa kwamba kazi yake ya mwisho ameikosea, mbele ya binti yake, hilo mdomo wangu haukuweza. Na kutosema sikuweza, kwa sababu barabara ya juu ya Mgeta naijua. Kabla ya nyumba ya mama yao kuna kona moja ya kushoto iliyojikunja kabisa. Nikatoa kichwa dirishani.

"Sesilia, muulize baba yako. Anataka niende kwa mama yake kwa kona za kulia peke yake? Maana nitafika, lakini tutapitia Kilosa."

Mzee alinitazama, akautazama mkono wa boksi, akaitazama mikono yake. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, Sesilia akamshika mgongo.

"Mnyamwezi mshenzi," akasema akijifuta macho. "Fungua."

Jumamosi, siku tuliyopanga kusafiri, ikaishia hapo. Mkono ulikuwa umekaza, pula yangu ya kuuvutia ikavunjika mguu, nikaenda kuazima nyingine mjini. Safari hii alihesabu yeye na nikahesabu mimi. Jua likiwa linashuka tukainua magurudumu kwa marekebisho ya mwisho. Aliomba bisibisi yake. Nikaweka ncha kwenye boksi, nikamwegemezea mpini kwenye taya, kwa kuwa kuushika hakuweza. Sesilia alizungusha usukani, mimi nikakaza skrubu. Mzee alikuwa amefumba macho. Vidole vilikuwa vimekufa, lakini mfupa bado ulikuwa unasikia.

"Kaza. Tena. Hapo." Akasikiliza. "Legeza kidogo."

Nikalegeza upana wa ukucha.

"Funga nati. Kesho tunaenda."

Alfajiri nikiwa natawadha kwangu, nilikorudi kulala usiku ule, simu ya Sesilia iliingia. Sikuhitaji kuipokea, lakini niliipokea.

Nitasema ukweli jinsi ulivyonikaa. Siku ile ya Jumamosi, aliyokuwa hai na anaweza kukaa, tuliitumia kurudisha jino moja. Wakati wanamwosha mimi nilikuwa kibandani natazama ile Landrova, nikiwaza kwamba kona ya kushoto mtu anaweza kuikata hata kwa usukani mfupi. Unaenda mbele, unarudi nyuma, unaenda tena. Madereva wa malori wanafanya hivyo kila siku. Ningenyamaza na utani wangu, Bibi Katarina angemwona kaka yake. Nililia pale nimeegemea boneti. Kuku walinitazama.

Tulipanda naye Jumatatu, jeneza likiwa nyuma, Sesilia na vijana wa ukoo wameketi pembeni. Kiti cha kushoto mbele nilimkatalia mtu yeyote, na kwa haki yangu ya utani hakuna aliyebisha. Tukaipita Mzumbe, tukaanza kupanda. Usukani ulikuwa mwepesi na wa kweli. Soko la Mgeta watu walivua kofia. Baada ya soko magari mengine yaliyotufuata yakasimama, watu wakashuka wakaendelea kwa miguu nyuma yetu, wakiimba.

Tulipofika chini ya ile kona nilisimamisha, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikaenda kuitazama. Ukingo wa nje haukuwepo. Mvua ilikuwa imeula wote, imebaki njia nyembamba ya kupita gari moja, na chini yake ni mabustani ya kabeji, mbali sana. Nafasi ya kurudi nyuma hakuna, hata ya futi moja. Kona ile ilikuwa inakatwa mara moja, usukani ukiwa umegeuka kushoto mpaka mwisho, au haikatwi. Nilisimama pale muda. Kwa jino lile tungeishia hapa, naye angeitazama nyumba ya mama yake ikiwa mita chache juu ya kichwa chake, halafu angepelekwa kwa machela. Nikavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Bibi Katarina alikuwa ameshuka mpaka pale konani. Sijui magoti yale yaliwezaje. Alikuwa na fimbo mbili na kanga ya msiba, amesimama peke yake akilitazama gari. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, na nikakumbuka kwamba mimi ni mtani, na mtani ana kazi yake msibani. Nikarudi kwenye gari, nikachomoa ufunguo, nikauinua juu.

"Msafara umesimama!" nikapaza sauti. "Gari hili haliendi mpaka marehemu alikague. Miaka yote hii sijawahi kupita kona bila yeye kusema legeza kidogo. Leo ananyamaza kwa nini? Mluguru huyu anajidai amelala ili nimbebe bure. Mwambieni aamke aseme!"

Watu wakacheka, kama inavyotakiwa. Nami nilitaka kuendelea, nilikuwa na maneno mengine, lakini sauti ilikatika na nikabaki na ufunguo juu, machozi yananitoka mbele ya ukoo mzima. Kicheko kikageuka kilio. Bibi Katarina akaja polepole na fimbo zake, akaniteremsha mkono.

"Mtani," akasema, "fundi wake ni nani?"

"Mimi, Bibi."

"Basi kague wewe. Yeye amechoka."

Nikampandisha kwenye kiti cha kushoto. Aliweka fimbo katikati ya magoti, akageuka nyuma akaligusa jeneza, kisha akatazama mbele. Vijana wakaondoa mawe. Nikaweka gia ya kwanza, nikaanza kukunja kushoto, mkono juu ya mkono, mpaka usukani ukagota mwisho. Gurudumu la nje lilipita ukingoni, udongo ukamomonyoka chini yake, na Landrova ikazunguka kona yote kwa mkupuo mmoja. Mbele yetu ikatokea nyumba.

Nikafungua viganja.

Usukani ukarudi wenyewe, taratibu, ukatulia, gari likatazama mlangoni kwa mama yake. Nikageuka kushoto nimwambie Mzee kwamba umerudi wenyewe, nikakutana na macho ya dada yake.

"Niambie mimi," akasema.

Nikamwambia.